Joe Burrow: mushindi aliyetaja njaa ya kwao

Siku ya posho, tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2019, katika muji wa New York, kijana wa miaka 23 alisimama mbele ya watu kupokea kombe la Heisman. Kombe hilo linapewa kila mwaka muchezaji mubora wa mupira wa iniversite huko Marekani. Si mupira wetu wa miguu, wasikilizaji. Ni ule wa kushika kwa mikono. Joe Burrow ni kwotabeki, yule anayepokea mupira kwanza na kuamua kama ataurushia mwenzake, atamupa mukononi, ao atakimbia nao mwenyewe.

Miaka miwili mbele ya usiku ule, wachache walimutazamia. Kwenye iniversite ya Ohio State, katika jimbo alimokomalia, alikaa miaka mitatu akingojea zamu. Kwa muda wote huo alirusha mupira mara 39 tu. Mwaka 2017 alivunjika mufupa wa mukono wa kurushia, na mwengine akapita mbele yake. Hakugomba. Alimaliza masomo, akapata diploma, na mwaka 2018 akahamia iniversite ya LSU, mbali kule Louisiana. Musimu wa kwanza alicheza vizuri, lakini hakushangaza mutu.

Kisha 2019. LSU ilicheza mara 15, ikashinda zote 15. Burrow alirusha mipira 60 iliyozaa tachidauni, ni kusema mwenzake anaupokea na kuufikisha mwisho wa uwanja wa wapinzani. Hakuna kwotabeki wa ngazi ile aliyekuwa amefikisha hesabu hiyo kwa musimu mumoja. Baba yake, mwalimu wa mupira miaka mingi, alikuwa ameacha kazi mwaka ule ule ili asikose mechi za mutoto.

Basi usiku wa kombe, machozi yalimukatiza maneno. Alishukuru wenzake, hasa wale wa mbele wanaomukinga na ambao hakuna anayewaimba. Halafu akataja kwao, Athens, kusini-mashariki ya Ohio. Alisema umasikini kule ni karibu mara mbili ya ule wa inchi nzima, na kwamba watoto wanatoka shule wanakuta meza haina chakula cha kutosha. Akasema amesimama pale kwa ajili yao.

Maneno yenyewe hayakufika hata dakika moja. Kusema mbele ya kamera kwamba kwenu kuna njaa si jambo jepesi. Wengi wanaoonja njaa wanaificha hata kwa jirani. Mukaaji mumoja wa Athens aliyesikia alianzisha muchango kwenye intaneti kwa ajili ya gala ya chakula ya pale. Pesa zilipita dola 500,000.

Mwezi uliofuata LSU ilipiga Clemson 42 kwa 25 na kuchukua ubingwa. Mwezi wa ine 2020, Cincinnati Bengals walimuchagua wa kwanza kati ya vijana wote wa inchi. Cincinnati iko Ohio.