Mpira Mmoja na Watu Watano

Mchezo wa mpira wa kikapu una watu watano kila upande, lakini mpira ni mmoja tu. Katika jambo hili dogo mna asili ya furaha yake na ya ugomvi wake pia. Hapana budi mmoja atupe kikapuni na wanne wasitupe. Na hekima yote ya kupanga mchezo ni kujua kuwatumia wanne wale hata yule mmoja aonekane kama mtu aliyeachwa peke yake kiwanjani.

James Naismith, aliyeubuni mchezo huu mjini Springfield, Marekani, mwaka 1891, aliuwekea kanuni 13. Mojawapo ilisema kuwa mpira ukitoka nje ya mstari, mtu wa kwanza kuugusa ndiye atakayeurudisha, naye alipewa sekunde 5 za kufanya hivyo. Ilikuwa kanuni ya mbio na vikumbo, maana kila mtu alitaka kuwa wa kwanza. Baadaye ilibadilishwa, na sasa mpira hupewa upande ambao haukuutoa nje. Sekunde 5 zimebaki zile zile. Badiliko hili lilifungua mlango wa elimu mpya. Mambo mengi ya mchezo hutokea katika mwendo na msukosuko, bali mpira wa kurudishwa huanza katika utulivu. Mchezo umesimama, mahali mpira utakapoingilia panajulikana, na mwalimu aweza kumwambia huyu asimame hapa na yule akimbilie pale.

Chombo kikuu cha elimu hiyo ni ukuta, na ukuta huo ni mtu. Mchezaji mmoja husimama imara katika njia ya mlinzi, bila kusukuma wala kunyosha mkono, na mwenzake hupita karibu naye sana, bega kwa bega. Mlinzi anayemfuata hupambana na ukuta ule, na katika kuuzunguka huchelewa hatua moja au mbili. Kwa mtupaji hodari, hatua mbili ni nafasi ya kutosha.

Walakini walinzi nao wana akili, nao husaidiana. Mlinzi wa yule aliyejifanya ukuta humwacha mtu wake kitambo kidogo ili amzuie anayekimbia. Wenye kupanga wakatafuta dawa ya dawa hiyo: mtu wa tatu huja akamwekea ukuta mlinzi aliyetoka kusaidia, na yule aliyekuwa ukuta hugeuka akapokea mpira na kutupa. Hivyo wema wa mlinzi kwa mwenzake ndio unaomponza. Aghalabu hata anayerudisha mpira husahauliwa. Baada ya kuutoa mkononi huingia kiwanjani polepole, kama mtu aliyekwisha maliza kazi, na mara mpira humrudia hali hana wa kumzuia.

Tena iko siri ya saa. Saa ya mchezo haianzi kwenda mpira unapotoka mkononi mwa aliye nje. Huanza unapoguswa na mchezaji aliye ndani. Kwa sababu hii mpira waweza kuvuka kiwanja kizima bila kugharimu hata sehemu ya sekunde. Siku ya tarehe 13 Machi 1998, mjini Oklahoma City, Chuo Kikuu cha Valparaiso kilikuwa nyuma ya Chuo Kikuu cha Mississippi kwa pointi 67 kwa 69, na saa ilikuwa na sekunde 2.5 tu. Mwalimu Homer Drew aliagiza mpango ambao vijana wake walikuwa wameufanyia mazoezi. Jamie Sykes aliutupa mpira mbali. Bill Jenkins aliruka, akaudaka angali hewani, akampa Bryce Drew, mwana wa mwalimu, aliyekuwa akikimbia upande wake wa kulia. Bryce alitupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, mpira ukaingia, na Valparaiso wakashinda kwa 70 kwa 69. Jina la Bryce lilienea nchi nzima. Majina ya Sykes na Jenkins hutajwa baada ya lake, na pengine hayatajwi.

Mpango wa namna hii hufanana na bao. Mchezaji wa bao huweka kete mahali ambapo leo hazina faida, ili ale kwa mkono mwingine baadaye. Mwalimu wa mpira wa kikapu naye huchora duara na mishale juu ya kibao chake, na duara zote ni sawa machoni pake. Tofauti ni kuwa kete haina moyo. Haiulizi kwa nini haikuchaguliwa.

Mtu huuliza. Tarehe 13 Mei 1994 timu ya Chicago Bulls ilikuwa ikichezea nyumbani na New York Knicks. Pointi zilikuwa 102 kwa 102, na saa ilibakiwa na sekunde 1.8. Michael Jordan alikuwa ameuacha mchezo mwezi wa Oktoba mwaka uliotangulia, na katika msimu ule Scottie Pippen ndiye aliyefunga pointi nyingi kuliko wenziwe wote. Mwalimu Phil Jackson aliamuru mpira wa mwisho atupe Toni Kukoc, na Pippen aurudishe kutoka nje. Pippen alikataa kuingia, akabaki katika kiti chake. Pete Myers aliichukua kazi ile, akampa Kukoc mpira, naye Kukoc akafunga. Bulls wakashinda kwa 104 kwa 102. Baadaye, ndani ya chumba cha wachezaji, Bill Cartwright, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alimlaumu Pippen huku akitokwa na machozi.

Si haki kumcheka Pippen. Aliyebeba mzigo msimu mzima huona uchungu anapoambiwa kuwa saa ya sifa imepewa mwingine. Lakini kazi aliyopewa haikuwa kazi duni. Miaka miwili kabla yake, tarehe 28 Machi 1992 mjini Philadelphia, Grant Hill wa Chuo Kikuu cha Duke alisimama nje ya mstari zikiwa zimesalia sekunde 2.1. Kentucky hawakumwekea mlinzi. Aliutupa mpira hata upande wa pili wa kiwanja, Christian Laettner akaupokea, akageuka, akafunga, na Duke wakashinda kwa 104 kwa 103. Mkono wa Hill ulipotoka kidogo tu, hapangekuwa na Laettner wa kusifiwa.

Yaweza kusemwa kuwa Bulls walishinda bila Pippen, kwa hiyo kukataa kwake hakukudhuru. Hoja hii huhesabu pointi na kusahau watu. Ushindi ulipatikana kwa kuwa Myers alikubali kusimama mahali palipoachwa. Na machozi ya Cartwright yalimwagwa usiku wa kushinda, wala si usiku wa kushindwa. Timu ilikuwa imepata kikapu, lakini kila mmoja alikuwa amejua kuwa ahadi yao yaweza kuvunjwa.

Kila mpango mwema una ahadi hiyo ndani yake. Anayesimama kama ukuta hupokea vikumbo ili mwingine atupe. Anayekimbia bila kupewa mpira hukimbia kwa nguvu zile zile, maana akilegea mlinzi wake humjua na kumwacha. Watazamaji huinuka kumshangilia mmoja. Wanne waliobaki hawana budi kushangiliana wenyewe kwa wenyewe, na mwalimu mwenye busara huwa wa kwanza kuwataja kwa majina.