Ndege Isiyofanya Usichoiambia

Leo nawapumzisha na habari za hifadhidata. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumapili mbili zilizopita, nalo ni la ndege za rimoti, hizi ndogo za foami ngumu na mota ya umeme.

Wengi wetu huanza na ndege ya kujifunzia. Bawa lake hukaa juu ya kiwiliwili na ncha zake huinuliwa kidogo. Ikiinamia upande mmoja huanza kuteleza kuelekea huko, na hapo bawa la chini hupigwa na hewa kwa pembe kubwa kuliko lile la juu, hivyo linanyanyuka. Pua nayo huwekwa nzito. Ukichanganyikiwa unaachia vijiti, ndege inajirudisha sawa yenyewe. Raha sana, mpaka siku utakapotaka kuipeleka chali. Kile kile kilichokuwa kinakuokoa sasa kinashindana nawe.

Ndege ya sarakasi inatakiwa iwe kinyume. Ukiiweka chali ibaki chali, ukiilaza kwa ubavu ibaki kwa ubavu. Isirudi, isiongeze, isijifanye inajua. Sisi waandika programu tunaielewa haraka: ni kama fanksheni isiyogusa kitu nje ya ulichoiomba. Usukani wa mkia ugeuze pua kulia au kushoto tu. Ukiugusa na ndege ikabiringika, au ikainua pua, una mdudu.

Nilichora yangu kwa miezi miwili. Bawa la mstatili la sentimita 120, upana sentimita 25, umbo la NACA 0012. Ukilikata bawa hilo kama mkate, nusu ya juu na ya chini zinafanana kabisa. Sifuri mbili zinasema halina mkunjo, na 12 inasema unene wake mkubwa ni asilimia 12 ya upana. Bawa, mkia wa ulalo na mota vyote nilivipanga kwa nyuzi sifuri, isipokuwa mota niliielekeza kulia nyuzi 2 hivi, maana hewa inayosokotwa na pangaboi huusukuma mkia. Kwenye karatasi ilikuwa safi.

Lakini mkono una mazoea yake. Niliinua ncha za bawa "kidogo tu", na betri nikaisukuma mbele, kitovu cha uzito kikawa milimita 60 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Ukiniuliza kwa nini, ni woga. Ndege yenye mkia mzito niliwahi kuirusha mara moja. Ilidumu sekunde nne.

Basi ikaruka, tena vizuri. Kisha nikailaza kwa ubavu, nikashikilia usukani wa mkia. Mambo mawili yakatokea pamoja: ilibiringika kufuata usukani, na ikajivuta kuelekea mgongoni. La kwanza ni zile ncha. La pili ni pua nzito: ili ndege iende sawa nilikuwa nimeiwekea eleveta ya kudumu kwenda juu, na ilipolala kwa ubavu eleveta ile iliendelea kuvuta.

Ningeweza kukata bawa. Badala yake nikafungua menyu ya rimoti. Rimoti za siku hizi zina michanganyo: unaiambia kila usukani ukigeuka, ongeza eleroni kiasi hiki upande wa pili, shusha eleveta asilimia 6. Dakika kumi, kazi kwisha. Ndege ikapita kwa ubavu kama kisu, jamaa uwanjani wakapiga makofi. Najua wengi wenu mmewahi kuweka "if" moja Ijumaa jioni ili mteja aache kupiga simu.

Jumapili hiyo upepo wa ubavuni ulikuwa mkali. Hapa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo ndege hutua kwa kasi zaidi. Nikaja kutua, usukani nimeukandamiza karibu wote ili pua ielekee kwenye uwanja. Na rimoti, kwa utiifu mkubwa, ikashusha eleveta kama nilivyoiamuru. Ndege ilikuwa mita moja juu ya nyasi. Pua iliingia ardhini hadi kwenye bawa.

Hakuna wa kumlaumu. Mchanganyo ulifanya ulichoandikwa kufanya. Ulijua usukani umegeuka. Haukujua ndege iko kwa ubavu au iko inatua.

Nilipokuwa nikiokota vipande nilimkumbuka Hanno Prettner wa Austria, bingwa wa dunia wa mwaka 1977, na ndege yake Curare. Mkia wake wa ulalo ulikuwa umeinamishwa ncha kwenda chini. Wengi huona ni pambo. Kumbe umbo hilo linapunguza kubiringika pale usukani unapoguswa. Wakati ule rimoti hazikuwa na menyu za kuficha makosa. Ulitengeneza ndege yenyewe.

Ya pili nimeijenga na bawa lililonyooka karibu kabisa, betri imerudi nyuma hadi kitovu kikawa milimita 73. Niliogopa, siwadanganyi. Nilisogeza milimita 3 kwa kila mruko, na kila mara naipandisha chali kwa nyuzi 45 kisha naachia kijiti. Mwanzoni pua iliporomoka papo hapo. Katika milimita 73 ilienda moja kwa moja kwa muda, halafu ikaanza kuinama polepole sana. Hapo nikaacha. Kwa ubavu bado inavuta kidogo kuelekea kwenye magurudumu nikitumia usukani wa kushoto. Nimeikubali hivyo, na michanganyo yote nimeifuta.

Jumapili iliyopita nilimpa mpwa wangu aliyejifunzia kwenye ile ya bawa la juu. Aliiinamisha kulia, akaachia vijiti, akangoja. Ikabaki imeinama, ikienda zake kuelekea kwenye miti.

"Mjomba," akasema akinirudishia rimoti haraka, "hii yako hairudi!"