Nilisema Amina Bila Kusikia



Leo sitahubiri. Wewe unayengoja ujumbe wa Jumatano, nivumilie. Nina jambo la kuungama, na nimelibeba tangu mwezi wa pili. Familia yenyewe imeniruhusu niandike, mradi nisitaje jina. Wengi wenu wa hapa kanisani mtamtambua mzee ninayemzungumzia. Tafadhali msimwandike kwenye maoni.

Unajua ninavyopenda muziki. Ukinipigia simu ofisini utasikia kwaya nyuma yangu kabla hujasikia sauti yangu. Mama Mchungaji husema nikikaa bila wimbo nafanana na mtu aliyepoteza funguo za nyumba.

Sasa, mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulienda misheni Korr, kule Marsabit. Kwa barabara ni safari ya kuvunja mgongo, kwa hiyo tulipata nafasi katika ndege ndogo, Cessna 206, injini moja, viti sita ukihesabu cha rubani. Tulikuwa wanne: kapteni, mimi kando yake, mzee wetu wa kanisa nyuma yangu, na dada mmoja muuguzi. Nafasi iliyobaki ilijaa dawa, Biblia na mahindi.

Kama hujawahi kupanda ndege ya aina hiyo, nikueleze. Sio kama ile kubwa ya kwenda Mombasa ambayo unaletewa chai. Injini iko mbele ya magoti yako. Kelele ndani hufika desibeli 90 na kupita, na ukitaka kumwambia jirani yako neno, hata ukipiga kelele kama uko kwenye mkutano wa injili, hakusikii. Ndiyo maana kila mtu huvaa hedseti, zile kubwa za kufunika masikio, zenye maiki ndogo inayokaa mdomoni kabisa. Mnazungumza kupitia waya, mtu na jirani yake, ingawa magoti yenu yanagusana.

Hedseti aliyonipa kapteni ilikuwa nzuri kuliko redio yangu ya nyumbani. Ndani ya kila kikombe cha sikio kuna maiki ndogo inayosikiliza mngurumo wa injini, kisha hedseti inatoa mngurumo mwingine uliogeuzwa, na miwili hiyo inakutana na kufutana. Unabonyeza kitufe, injini inahamia mbali. Mtu mmoja Marekani, Amar Bose, mwalimu wa chuo kikuu, aliwaza jambo hilo akiwa ndani ya ndege mwaka 1978. Alikuwa amepewa vipokea sauti asikilize muziki, na kelele ya ndege ikamharibia raha. Akaanza kupiga hesabu papo hapo kitini. Mwaka 1989 kampuni yake ikaanza kuwauzia marubani hedseti za namna hiyo. Kwa hiyo ukiona rubani amevaa kitu hicho, jua kilianza na mtu aliyetaka kusikia muziki wake. Kama mimi.

Kapteni alituonya kabla ya kuondoka Wilson. Muziki ruhusa, lakini si sasa. Mpaka tupande tutulie juu, hakuna nyimbo, hakuna hadithi. Akatuambia habari ya ndege ya abiria iliyoanguka ikikaribia kutua Charlotte, North Carolina, mwaka 1974, zaidi ya watu 70 wakafa. Kinasa sauti kilionyesha marubani walikuwa wakipiga gumzo, siasa na magari, huku ndege ikishuka kupita kiasi kwenye ukungu. Mwaka 1981 Marekani ikaweka sheria: chini ya futi 10,000, rubani wa ndege ya abiria ya shirika asizungumze lolote lisilohusu kuiendesha ndege. "Sheria hiyo haikuandikiwa ndege ndogo kama hii," kapteni akasema, "lakini mimi naifuata."

Nikasema Amina. Mtaona neno hilo lilivyo jepesi mdomoni mwangu.

Jambo lingine nililiona pale mbele. Waongozaji wakimpa rubani agizo, hajibu "sawa" tu. Anarudia agizo lenyewe: urefu ule, mwelekeo ule, ili aliye mnarani ajue limefika kama lilivyotoka. Na kama hakusikia vizuri, haoni aibu, anamwambia sema tena. Niliwaza, hili ni somo la Jumapili. Nikaliandika kwenye daftari. Wahubiri sisi tuna ugonjwa huo, tunaona somo la wengine kila mahali.

Nilikuwa pia na kinasa sauti changu kidogo, kile ninachorekodia mahubiri. Nilitaka kuwaletea sauti za safari kwenye ukurasa huu. Nilikuwa nimejaribu wakati mwingine kurekodi kwa simu ndani ya ndege, nikapata mngurumo mtupu kama posho mill. Kapteni akacheka. Akatoa waya wenye plagi mbili, akauchomeka kwenye matundu ya hedseti ya kiti kisicho na mtu, upande mwingine ukaingia kwenye kinasa. Waya huo una kitu cha kupunguza nguvu, maana mtambo wa ndege hutoa sauti kubwa mno kwa tundu la maiki ya kawaida, na bila hicho sauti hupasuka. Akatuuliza kila mmoja kama anakubali kurekodiwa. Mzee akasema, "Mimi sina siri na Mungu, rekodi."

Muziki wangu ulikuwa njia nyingine. Ulitoka kwenye simu moja kwa moja hadi kwenye hedseti yangu kwa Bluetooth. Hakuna mwingine aliyeusikia, na kinasa hakikuupata. Shika hapo.

Tulipotulia juu, milima ya Aberdare ikiwa kushoto, nikafungua nyimbo. Na usifikirie nilikuwa nasikiliza mambo ya dunia. Ilikuwa kwaya yetu wenyewe, rekodi mpya za mkutano wa Desemba. Nilijiambia niko kazini.

Hedseti ile ina swichi ndogo kwenye waya. Ukiiweka upande mmoja, mtu yeyote akizungumza, muziki unanyamaza wenyewe mpaka amalize. Ukiiweka upande wa pili, vyote viwili vinachanganyika. Kapteni aliniwekea ule wa kunyamaza. Lakini kila nilipofika kwenye pambio, redio inaingia. Rubani mwingine anataja mahali alipo. Dada muuguzi anasema tazameni Mlima Kenya. Kwaya inakatika, inarudi, inakatika. Nikachoka. Nikaibonyeza swichi upande wa pili, nikaongeza sauti ya simu.

Kidole changu mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

Mlima ulipokuwa unabaki nyuma upande wa kulia, mzee alinigusa bega. Nikageuka nusu. Nilisikia kitu chini ya kwaya, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Nilimwona anatazama dirishani na midomo inacheza. Nikadhani anamsifu Mungu kwa uumbaji. Nikasema kwa nguvu, "Amina! Amina, mzee!" Akaendelea kidogo. Nikasema, "Ni kweli kabisa." Akanitazama, akatikisa kichwa polepole, akaegemea kiti. Nikarudi mbele kwenye wimbo wangu. Mbele yetu kulikuwa na milima ya Ndoto (ndilo jina lake hasa), na baadaye tukatua kwenye udongo mwekundu, watoto wakija mbio.

Huduma ilikuwa njema. Nililetea kanisa ripoti, mkapiga makofi. Kile kinasa nilikitia kwenye droo.

Mwezi wa pili mzee alilala. Mlikuwepo wengi wenu kwenye maombi ya jioni pale nyumbani. Vijana wa mitambo wakaniuliza kama nina sauti yake popote, akiimba au akiomba, ichezwe siku ya mazishi. Nikakumbuka safari. Alhamisi usiku, mazishi yakiwa Jumamosi, nikavaa vipokea sauti nikaanza kutafuta.

Nilimpata dakika ya 52.

Rekodi ile haina kwaya. Nilikuwa nimesahau. Ina sauti za watu peke yake. Na mitambo ile ya ndege hufungua maiki pale tu mtu anapoanza kusema, kisha huifunga akinyamaza, ili mngurumo usiingie bure. Shida yake ni kwamba humeza mwanzo wa neno la kwanza, hasa kwa mtu wa sauti ya chini asiyeweka maiki karibu na mdomo. Kwa hiyo mzee anasikika hivi, akianza kila sentensi katikati:

"...chungaji. ...kirudi nataka twende wote Nakuru, mimi na wewe. ...me kosa kwa kijana wangu, na peke yangu siwezi kuingia mlango wake."

Kisha sauti yangu, kubwa, yenye furaha: "Amina! Amina, mzee!"

Kisha yeye: "...ka tisa, Mchungaji. ...dhani nilimfukuza kwa sababu ya shamba, lakini sio shamba. ...na kumwambia kabla sijaondoka."

Na mimi: "Ni kweli kabisa."

Halafu kimya. Maiki zote zimefungwa. Nilihesabu sekunde 11. Alikuwa anangoja.

Ndugu yangu, dada yangu, nimehubiri ile habari ya Eliya pangoni, 1 Wafalme 19, nadhani mara 20. Upepo, tetemeko, moto, halafu ile sauti ndogo. Ninajua mpaka mahali pa kushusha sauti ili kanisa linyamaze. Na mzee wangu alinigusa bega.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba baada ya safari hakunikumbusha hata mara moja. Alikuwa mtu wa heshima. Bila shaka aliamini nimekubali, akangoja mchungaji apange siku. Miezi mitatu alinisalimia kila Jumapili mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Usiku ule usingizi haukuja. Nikawa nasoma kwenye simu habari za vinasa sauti vya ndege, labda kwa kutafuta kitu cha kushika. Nikakutana na David Warren wa Australia. Baba yake alikuwa mchungaji mmishonari wa Kianglikana, akapotea na ndege iliyotoweka juu ya Mlango wa Bahari wa Bass mwaka 1934, kijana akiwa na miaka 9. Zawadi ya mwisho aliyopewa na baba ilikuwa redio ndogo ya kujiundia, akawa anaisikiliza usiku bwenini. Miaka ya 1950 akiwa mwanasayansi aliitwa kusaidia kutafuta kwa nini ndege za Comet zilikuwa zinaanguka. Aliwahi kuona kwenye maonyesho kinasa kidogo cha mfukoni, na alikitamani kwa ajili ya muziki wa jazi. Ndipo wazo likamjia: kama ndege ingekuwa na kitu kama hiki, tungejua walisema nini. Akaunda kimoja kilichorekodi juu ya uzi wa chuma, saa 4 za mwisho, kikifuta za zamani kadiri kinavyoendelea. Ndicho mzazi wa kile tunachoita kisanduku cheusi, ingawa hupakwa rangi ya machungwa ili kionekane kwenye mabaki.

Nilikaa na habari hiyo mpaka alfajiri. Ndege yetu ndogo haikuwa na kisanduku kama hicho. Ilikuwa na kinasa changu cha mahubiri.

Ijumaa asubuhi nikaendesha gari mpaka Nakuru. Kijana si kijana tena, ana miaka 38, ana gereji ya pikipiki. Aliniona akajua. Akasema, "Pasta, kama umekuja kunihubiria nizike, nimeshaambiwa na ndugu zangu. Siji."

Nikamwambia sikuja kuhubiri. Nikamwambia ukweli wote, nimesimama pale kwenye mafuta machafu na suti yangu: baba yako aliniomba nimlete hapa, nikamjibu Amina, na sikuwa nimesikia hata neno moja kwa sababu nilikuwa nasikiliza kwaya. Ningemsikia, angekuja mwenyewe akiwa hai. Hakunijibu. Alifuta mikono kwa kitambaa, akachukua vipokea sauti.

Alisikiliza mara moja. Akasema, "Rudisha." Akasikiliza mara ya pili, ya tatu, ameziba masikio kwa viganja juu ya vipokea sauti, macho chini. Vijana wake waliacha kazi, wakatoka nje mmoja mmoja.

Kisha akaniuliza, "Hapa, kabla ya 'na kumwambia'. Neno limekatwa. Alisema 'nataka' ama alisema jina langu? Maana jina langu linaishia na 'na'."

Nilikuwa kwenye ndege ile. Nilikuwa mbele ya mzee, umbali wa mkono. Ningeweza kusema, kama yule rubani, sema tena, mzee. Nikamwambia kijana, "Sijui."

Akatazama kile kinasa muda mrefu. Akaenda nyuma, akanawa, akabadilisha shati. Tuliondoka Nakuru kama saa nane mchana, yeye kiti cha mbele kando yangu. Kuanzia hapo hadi nyumbani kwao sikuwasha redio. Karibu na Naivasha akaanza kuzungumza.