Bakuli la Lala

Maneno ya lugha mbili huweza kufanana sura pasiwe na udugu baina yao. Katika Kimalai, lala ni jina la chaza mdogo mwenye gamba jembamba lenye michirizi ya kahawia, aishiye katika mchanga wenye matope. Kwa Mswahili, lala ni neno aambiwalo mtoto usiku unapoingia. Kwa hiyo mtu wa Unguja akifika Singapore na kukuta ubao wa muuza chakula umeandikwa "Sup Lala Bihun", hana budi kutabasamu kwanza, ndipo aulize ni chakula gani. Bihun ni tambi za mchele, nyembamba na nyeupe, ambazo jina lake Wamalai wamelipokea kutoka kwa Wachina wa Kihokkien. Basi ni supu ya chaza na tambi.

Chakula hicho huliwa katika kumbi za wachuuzi. Singapore ni kisiwa kisicho na mashamba ya kutosha, na zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake hutoka nje. Wachuuzi wake zamani walipika vichochoroni na kandokando ya mto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianza kuwasajili, na kufikia mwaka 1986 walikuwa wamekwisha kuhamishiwa katika kumbi zenye paa, maji ya bomba na mifereji. Leo kumbi hizo zinazidi 100, na ndani yake tajiri na hamali hukalia viti vya namna moja.

Katika ukumbi mmoja kama huo aliketi mwalimu mstaafu, mzaliwa wa kijiji cha pwani ya kusini ya Unguja, aliyekwenda kumtembelea bintiye afanyaye kazi katika kampuni ya meli. Binti alikuwa amekwisha kuweka pakiti ya karatasi za kufutia mikono juu ya meza, kwani huko hiyo ni alama ya kwamba meza ina wenyewe, wala hapana aigusaye. Mama alikuwa na swali moja tu: je, ni halali? Swali halikuwa la bure. Wachina wengi hukipika chakula hiki kwa mvinyo wa mchele na mafuta ya nguruwe. Lakini mzee yule alikuwa Mmalai, na cheti cha Baraza la Kiislamu kilitundikwa juu ya jiko lake. Wamalai wa huko, kama Wazanzibari walio wengi, hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwao chaza hana mushkili.

Mzee alikaanga tangawizi na kitunguu thomu, akamimina mchuzi, akatia tambi, kisha lala wenyewe gao moja. Kufumba na kufumbua magamba yakaachama. Akanyunyiza pilipili manga na kotmiri, akasogeza bakuli.

Mwalimu hakuanza na supu. Alizamisha kijiko hadi chini ya bakuli, akakiinua polepole, akakitazama. Alikuwa akitafuta mchanga.

Ndivyo alivyokuwa akifanya mama yake. Marehemu alikuwa mwokota chaza na kombe. Bamvua likifika na maji yakapwa mbali, aliteremka pwani na wenziwe, kila mmoja na kikapu na kijiti chake, wakiinamia matope mpaka maji yaanze kurudi. Kombe walichemshwa, wakabanduliwa, nyama ikapangwa mafungu na kuuzwa. Madaftari ya shule ya yule binti, na sare yake, na viatu vyake vya kwanza, vilitoka humo matopeni. Hatimaye binti akawa mwalimu, hakuteremka tena pwani ila kutembea. Na huyu wa tatu, aliyeketi mbele yake Singapore, hakupata kushika kombe mwenye uhai hata siku moja.

Kijiko kilikuwa safi. "Bibi yako angemuuliza mzee huyu amewalaza muda gani," alisema mwalimu.

"Amewalaza lala?" Binti alicheka.

"Ndiyo. Katika maji ya chumvi, mahali penye kiza, ili wateme mchanga. Ukiwaharakisha, utautafuna wewe."

Akaendelea, maana alikuwa mwalimu. Chaza aliye hai ukimgusa hujifunga. Aliyeachama asifunge kabla ya kupikwa amekufa, na hutupwa. Chaza huyachuja maji anamoishi, na lililomo majini humbakia mwilini. Kwa hiyo mama yake hakuokota karibu na mifereji ya maji machafu. Wanawake wale hawakuyasoma hayo kitabuni, lakini mwaka 1988 mjini Shanghai watu wapatao 300,000 walipatwa na homa ya ini kwa kula kombe wasioiva, waliotoka katika maji machafu.

Kisha wakala. Mama hakuona ladha ya nyumbani, kwani hapakuwa na tui wala ndimu. Lakini utamu wa chaza wenyewe ulikuwa ule ule, na chumvi ilikuwa ya bahari.

Walipomaliza, binti alimwendea mzee. "Pakcik," alimwita, kama vijana wa huko wamwitavyo mtu mzima, akamuuliza swali la bibi yake. Tangu jana usiku, alijibu mzee, na maji huyabadilisha mwenyewe. Watoto wake wako maofisini. Hapana aliyetaka jiko. Jambo hilo si lake peke yake: wachuuzi wengi wa Singapore ni watu wazima wasio na warithi. Mwezi Desemba 2020 UNESCO iliuandika utamaduni wa wachuuzi hao katika orodha ya urithi wa binadamu, na ni heshima kubwa. Hata hivyo, orodha haimwamshi mtu usiku kubadilisha maji ya chaza.

Mwalimu alipotafsiriwa maneno ya mzee, alinyamaza kitambo. Hakusema neno juu ya watoto wa maofisini, kwani yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, na mama yake ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Binti alirudisha trei mahali pa vyombo vya halali, akakaa tena.

"Mama, bamvua huanguka lini?"

"Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu. Leo mwezi ngapi?"

Binti alianza kutafuta katika simu. Mama alimzuia mkono, akaanza kumhesabia kwa vidole tangu siku mwezi ulipoandama, ili wajue likizo yake iombwe tarehe gani.