Butare: Ngoma kwanza, mshiko baadaye

Ukitaka kwenda Butare panda basi pale Nyabugogo, Kigali, ushike njia ya kusini. Ni kama kilomita 130 hivi, na kona zake usiombe! Utapita Nyanza, kwenye makao ya zamani ya wafalme, ndipo ushuke kwenye mji ambao tangu 2006 kwenye karatasi unaitwa Huye, ingawa Butare halijafa midomoni. Mji wa wasomi huu, chuo kikuu kilianzia hapa mwaka 1963.

Wageni wengi huishia makumbusho, kutazama agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho kipo mpaka kwenye nembo ya taifa. Kizuri, sikatai. Lakini habari ya mji huu hasa ni akina mama wa ngoma.

Aprili 1994 Butare ilichelewa kuwaka. Mkuu wa mkoa wa wakati ule, Jean-Baptiste Habyalimana, aliyazuia mauaji kwa karibu wiki mbili. Akaondolewa madarakani, baadaye naye akauawa, na watu wakachinjwa kwa maelfu. Yalipokwisha, mjane na mke wa muuaji wakabaki mtaa mmoja, soko moja, bomba moja la maji. Hebu jiweke wewe hapo, msomaji. Ungemwambia nini asubuhi mwenye ndoo mbele yako?

Mwaka 2004 akatokea mtu wa maigizo, Odile Gakire Katese, mwandishi na mwigizaji aliyekulia uhamishoni Kongo. Alikuwa kwenye kituo cha sanaa cha chuo kikuu. Hakuwaita wale wanawake kwenye semina. Akawapa ngoma! Kundi likaitwa Ingoma Nshya, wanawake watupu, wa pande zote mbili, wakati kimila mwanamke kugusa ngoma ilikuwa mwiko. Ujanja ndio huo, kwa sababu hakuna aliyekuja akijua zaidi ya mwenzake. Wote walianza na sifuri. Halafu ngoma haipigiki ukiwa umemnunia jirani. Usipomsikiliza, mdundo wote unavurugika na kosa linasikika hadi barabarani.

Sasa ngoma ni tamu, lakini hailipi karo. Katese akakutana na wamarekani wawili wenye biashara ya aiskrimu huko Brooklyn, New York, Jennie Dundas na Alexis Miesen. Mwaka 2010 likafunguliwa duka la ushirika, Inzozi Nziza, yaani Ndoto Njema. Aiskrimu, bwana, Butare! Wengi wa akina mama hawakuwahi hata kuionja. Ikabidi wajifunze kuchanganya maziwa, kuendesha mashine, kuandika hesabu, kumchekea mteja hata siku nyumbani hakukaliki.

Mimi naona hapo ndipo jukwaa lilipofanya kazi yake. Mtu aliyezoea mazoezi anajua kuwahi, anajua kurudia kitu mara ishirini bila kususa, anajua kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Wangapi wamepewa cherehani baada ya vita, wakapigwa picha na mfadhili, kisha cherehani ikaota kutu? Fundi hakukosa mikono. Alikosa mtu wa kukaa naye benchi moja.

Na tusidanganyane, si kila kitu kilikuwa asali. Wapiga ngoma walikuwa wengi, nafasi za duka chache, ikabidi wachaguliwe. Fikiria mmepiga ngoma pamoja miaka sita, mwenzio anapata kibarua, wewe unabaki na ngoma yako. Ile chuki iliyopoozwa kwa jasho ingeweza kurudi kupitia mlango wa mshahara.

Kizaazaa chote hicho Lisa na Rob Fruchtman walikiweka kwenye filamu, Sweet Dreams, ya mwaka 2012. Kama nauli ya Butare bado inakupiga chenga, tafuta mwenye nayo uitazame.