Sini na Tha Hewani



Sisi walimu wa tajwidi, tunaoigawa wiki baina ya Njombe na Makambako, baada ya Isha hufungua redio ya mawimbi mafupi. Tunawasikiliza watu wa redio za ridhaa, wanaozungumza wao kwa wao bila malipo, baina ya kilohezi 7000 na 7200. Wa Tanzania hujulikana kwa alama inayoanza na 5H.

Wengi wakifika hapo husikia mlio kama wa bata, wakazima. Redio si mbovu. Watu hawa hurusha upande mmoja tu wa wimbi, hivyo redio lazima iwe na swichi ya SSB. Chini ya kilohezi 10000 weka LSB, juu yake USB, kisha zungusha polepole mpaka upate sauti ya binadamu.

Hapo ndipo kazi inaanza. Vijana wetu wanapenda besi, ukiwaachia redio hata meza inatetemeka! Kwa maneno, besi ni adui. Nguvu ya sauti iko chini, lakini herufi nyingi zinazotenganisha neno na neno ziko juu. Basi punguza besi, ongeza trebo kidogo, na vaa spika za masikioni. Chujio liwe karibu na kilohezi 2.4, ukilibana sana kelele hupungua, ila maneno nayo hukatika. Makambako, penye nyaya kubwa za umeme, tunachomoa chaja zote na kutumia betri.

Hata hivyo kuna kisichorudi. Sauti hiyo huishia karibu na hezi 3000, na mluzi wa sini, yaani safiri tunayoifundisha, sehemu kubwa uko juu ya hapo. Ndiyo maana wenzetu hawa hutaja kila herufi kwa neno zima: Sierra, Foxtrot.

Simu ya kitochi nayo hukata karibu na hezi 3400. Tuliijaribu: mwalimu akiwa Makambako alitamka ism (jina) na ithm (dhambi), wanafunzi wa Njombe wakaandika. Waligawanyika vibaya, na wote ni wasikivu.

Mzazi mmoja wa Makambako alikuwa ametuomba mwanawe asomeshwe kwa simu, kuokoa nauli. Muraja'a tumekubali. Kwa makharij, kijana anapanda basi kila Jumamosi, na nusu ya nauli tunachangia sisi.