Bati Kabla ya Hati

Kazi yangu katika shirika letu lisilo la kiserikali ilikuwa kuwashauri watu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa juu ya nyumba zao na fedha zao. Nilizaliwa Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, nikasomeshwa kwa kahawa ya wazazi wangu, nikafundisha hesabu shule ya msingi, kisha nikaingia kwenye kazi hii nikakaa humo mpaka nilipostaafu. Zaidi ya hapo maisha yangu hayana la kumfaa msomaji. Linalomfaa ni ubishi mmoja ambao mpaka leo sijaumaliza na wenzangu: mtu wa kijijini anayetaka nyumba bora aanze na hati ya ardhi aipeleke benki, au aanze na paa kwa fedha ya msimu wake mwenyewe? Mimi nilisimama upande wa paa. Naandika sasa kwa sababu naona vijana wanaoichukua kazi hii wanafundishwa upande mmoja tu wa ubishi, na upande huo si ule uliowajengea wazazi wao.

Tuanze na ukuta, kwa maana fedha ya maskini ikishatoka mfukoni inalala ukutani. Huku kwetu tofali hufyatuliwa kiangazi, zikachomwa kwenye tanuri, na mara nyingi hujengwa kwa udongo badala ya saruji, kwa sababu udongo haununuliwi. Ukuta wa namna hiyo ni imara kabisa ukiwa mkavu. Mvua za Novemba zikiukuta bila paa, maji huingia kwa juu, udongo wa viungo unaanza kutoka kidogo kidogo, safu za juu ya lenta zinalegea, na misimu miwili mbele fundi anabomoa kwanza ndipo ajenge. Atakayepita barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay atayaona maboma ya namna hiyo, mengine yameota miti ndani. Watu husema wenye nayo walikosa fedha. Si kweli. Fedha walikuwa nayo, wakaimalizia kwenye vyumba vitano vya ukuta, paa likabaki halina fungu. Ndiyo maana hesabu tuliyofundisha ilianzia juu: ni bati ngapi unaweza kununua kwa mavuno ya mwaka mmoja? Bati hizo zinafunika vyumba vingapi? Basi msingi uchimbwe wa vyumba hivyo, hata kama ni viwili, na upande mmoja uachwe wazi kwa nyongeza ya baadaye. Na hapo hapo tulimweleza mtu mambo ambayo duka halimwelezi: kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28 ingawa namba yake ni kubwa, na kwamba msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde, kwa sababu maji hupita bondeni na tundu la msumari ndilo mlango wa maji hayo. Paa likipigiliwa vibaya, ukuta ule ule unaanza kuliwa na maji, safari hii mwenye nyumba akiwa ndani.

Fedha ya paa inatoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Umatengo hula kahawa, na kahawa hulipa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya katikati ya mwaka. Mahitaji hayana msimu. Januari na Februari, mahindi ya ghalani yakiwa yanapungua, mbolea ya kukuzia inadai na sare za shule zinadai, na kahawa bado ni mbichi mtini. Mwanya huo ndio uliozaa magoma, jina letu la Mbinga kwa jambo ambalo Kagera huliita butura: mtu mwenye fedha anakupa kidogo leo, unamlipa kwa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei aliyoipanga yeye. Tuseme amekupa shilingi 100,000 Januari kwa gunia ambalo Septemba lingelipa 250,000. Zile 150,000 za tofauti hazikupotea hewani. Zilikuwa bati zako, sasa ziko juu ya nyumba yake. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa yote iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa magoma hayo. Agizo liliziba njia ya wazi ya mnunuzi. Njaa ya Januari halikuigusa, na penye njaa ya Januari magoma hujificha, hayafi.

Kutokana na hilo nilifika kwenye msimamo ambao wenzangu wengi waliuona wa kinyume. Kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA kama tunavyoviita, kisitumike kujengea nyumba. Kitumike kuilinda kahawa. Mfumo wenyewe tuliupokea kutoka mbali. Mzizi wake ni vikundi vya wanawake wa Maradi, Niger, ambavyo shirika la CARE lilivianzisha mwaka 1991: hisa ndogo za kila wiki, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, na mwisho wa mzunguko sanduku linavunjwa kila mtu apate mgao wake. Vikundi vingi vilizoea kuvunja Desemba kwa ajili ya sikukuu, au vikatamani kuvunja Septemba ili mgao uungane na fedha ya kahawa kwenye ujenzi. Nilipinga yote mawili. Sanduku livunjwe Januari, wiki shule zinapofunguliwa, ili mgao ununue mbolea na madaftari na mahindi, mwenye magoma apite mlangoni asiitwe. Kahawa ikifika Septemba bila deni, yenyewe itapaua. Waliojibu kwamba mgao wa Januari huliwa tu hauonekani, walisema kweli, haukuonekana. Lakini kazi ya ngao si kuonekana. Ugumu ulikuwa kwenye ripoti: wafadhili, mmoja baada ya mwingine, walitaka kuhesabu mikopo ya nyumba iliyotolewa, na mkopo ambao mtu ameuepuka hauna mahali pa kuandikwa kwenye jedwali. Nasema bila kinyongo, ila nasema, kwamba kwa miaka mingi kazi yetu bora ndiyo iliyokuwa haihesabiwi.

Mwambao una kalenda nyingine, na kosa letu la mwanzo lilikuwa kupeleka ya milimani ziwani. Kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, fedha ni ya dagaa, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, mitumbwi inakaa ufukweni, na katikati ya mwaka upepo wa kusi huongeza siku za kukaa. Kwa hiyo fedha ya mvuvi huja na giza, huondoka na mwezi. Kumwambia aweke hisa kila Jumamosi sawasawa na mkulima wa kahawa ni kumtoza faini kwa kosa la mwezi mpevu. Vikundi vya mwambao vilivyodumu ni vile vilivyoruhusu hisa nyingi wiki za giza na hisa moja tu, au hata salamu tu, wiki za mbalamwezi, na vikavunja sanduku zaidi ya mara moja kwa mwaka. Na paa la mvuvi linanunuliwa bati tatu tatu, likihifadhiwa ndani kwa ndugu mpaka litoshe, jambo ambalo mtaalamu wa mjini huliita fedha iliyolala. Naliita benki isiyofilisika.

Wenye upande wa hati wana hoja nzito, na niitaje kwa haki. Wanasema nyumba ya maskini ni mtaji uliokufa. Ipewe karatasi, karatasi iwe dhamana, dhamana ilete mkopo. Wazo hili lilivuma duniani kwa jina la Hernando de Soto wa Peru, na Tanzania likaingia rasmi mwaka 2004 kupitia MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ilikuwa tayari imeweka hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo naipenda. Inamaliza ugomvi wa mipaka, inamlinda mjane, inamfanya mwekezaji abishe hodi kabla ya kuingia. Ila kuwa dhamana ni jambo jingine. Dhamana ina thamani kwa sababu mkopeshaji anaweza kuiuza. Ardhi ya Umatengo imepangwa kwa ntambo, mgongo wa kilima kati ya mabonde mawili, na aghalabu wanaoishi juu yake ni ukoo mmoja. Nani atainunua kwa mnada nyumba iliyo katikati ya ndugu za aliyefilisiwa, huku serikali ya kijiji ikiwa na sauti juu ya mgeni anayeingia? Benki zinalijua hili, ndiyo maana hati nyingi za kimila zimekaa kwenye masanduku ya watu kwa miaka bila kuleta mkopo. Na pale zinapoleta, mkulima ameweka rehani kitu pekee ambacho ukame na bei ya dunia havikuweza kumnyang'anya. Kama nyumba ni tegemeo la mwisho, kwa nini iwe ya kwanza kuwekwa mezani?

Hoja ya pili ilinichoma zaidi kwa sababu ilitoka kwa watu wema: kwamba ushauri wetu ni kumdharau mkulima, mtu mzima anayejua shida zake. Najibu kwa ngoro, kilimo chetu cha mashimo. Mmatengo hukata majani Machi, huyapanga miraba juu ya mteremko, wanawake huyafukia kwa udongo, maharage hupandwa hapo, na mahindi huja mwishoni mwa mwaka juu ya majani yaliyooza. Huo ni mpango wa misimu miwili, unaoshika udongo kwenye miteremko ambayo jembe la kawaida lingeishusha bondeni. Watu wanaolima hivyo hawahitaji kufundishwa kupanga. Wanachokosa ni mahali pa kuipanga fedha kwa pamoja, kama wanavyolipanga shamba kwa pamoja. Zamani palikuwa na sengu, wanaukoo wakila pamoja na mzee, na katika kula huko mambo ya nyumba yakazungumzwa. Daftari letu la miezi 12 lilikuwa sengu ndogo: mume na mke wamekaa, kila mwezi una safu ya kinachoingia na safu ya kinachotoka, na kalamu inashikwa na wote wawili kwa zamu. Hatukuwaambia wafanye nini. Tuliuliza Februari inalipwa na nini, tukanyamaza. Na juu ya kushirikisha wawili sikubali kulegeza hata kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Na ridhaa ya mke aliyewekeshwa kidole kwenye fomu bila kuona hesabu si ridhaa, hata ikiwa na mhuri.

Nije kwa benki. Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni Benki ya Wananchi Mbinga kwa upungufu wa mtaji. Bima ya amana wakati huo ilimlinda mwenye akiba hadi shilingi 1,500,000. Kiwango hicho kilipandishwa kufika 7,500,000 mwaka 2023. Wapo waliotoka kwenye tukio hilo wakisema akiba ikae chini ya godoro. Hilo ni kosa, na ni juu yetu washauri kulisahihisha kwa kueleza bima inafanyaje kazi, maana mwenye akiba ndogo ndiye aliyelindwa zaidi. Lakini tukio lilionyesha pia kwamba bati lililopigiliwa juu ya ukuta mkavu halisubiri mfilisi.

Vijana wa kazi hii, sikilizeni. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali na marejesho ya kila siku, haiji na mtu mwenye pembe. Siku hizi huja hata kwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, wakati Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni na hata kikundi cha kijijini kisajiliwe. Kumwambia mtu asikope ni maneno matupu. Mwulizeni marejesho ya kila siku yatalipwa na nini katika wiki ya mbalamwezi. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 10 ya mkopo wote kila mwezi, kwa miezi mitatu, ni shilingi 90,000 za riba. Ziandikeni kwa bati, si kwa asilimia. Mtu anayeona bati zake zinahesabiwa mbele yake hahitaji hotuba.

Mahali pamoja nawaachia wenzangu wa upande wa hati. Mbinga mjini kuna wapangaji wenye viwanja vilivyopimwa wasio na kahawa wala mtumbwi: mama lishe, fundi cherehani, kijana wa bodaboda. Hawa hawana Septemba. Kiwanja chao kina mnunuzi, na vyumba viwili vya kupangisha vinaweza kulipa deni lake vyenyewe. Hapo nakubali mkopo wa dhamana, kwa masharti mawili: usizidi gharama ya paa, na bati zipandishwe wiki ile ile fedha inapotoka. Sharti la tatu, kwamba chumba cha kwanza kipangishwe kabla mwenyewe hajahamia, bado tunabishana.